Lovelock, fundi aliyezifuata gesi hadi mwisho wa dunia

Vuta pumzi moja. Popote ulipo, Kariakoo au Kisumu, Bukoba au Muscat, hewa uliyoivuta ina gesi inayoitwa CFC-11. Ni kidogo mno: katika kila molekuli bilioni 10 za hewa, ni kama mbili tu zilizo za gesi hiyo. Lakini hakuna volkano, mti wala mnyama aliyeitengeneza. Ilitoka kiwandani, ikatiwa kwenye mitambo ya kupozea, kwenye makopo ya kupuliza manukato au kwenye povu la plastiki la kuzuia joto majumbani, kisha ikaponyoka. Sehemu yake iliponyoka kabla wengi wetu hatujazaliwa, na ingali inazunguka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 hapakuwa na mtu aliyejua kwamba gesi hiyo imeenea dunia nzima. Waliokuwa wakiitengeneza walijua wameuza tani ngapi, lakini ilikokwenda baada ya kutoka kwenye kopo hawakujua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameitafuta hewani kwa kipimo kinachoweza kuiona. Aliyekitengeneza kipimo hicho, akakipakia melini na kwenda nacho baharini, alikuwa mkemia wa Kiingereza aitwaye James Lovelock. Alizaliwa tarehe 26 Julai 1919 na kufariki tarehe 26 Julai 2022, siku aliyotimiza miaka 103.

Wengi wanaolijua jina hilo wanalijua kwa sababu ya Gaia, wazo lake kwamba viumbe hai na miamba, bahari na hewa ya dunia hufanya kazi kwa pamoja kuiweka dunia katika hali inayofaa uhai. Wazo hilo lilimpa umaarufu na maadui, na vitabu vyake viliuzwa kila pembe. Makala haya hayamhusu Lovelock huyo. Yanamhusu fundi, mtu wa meza ya kazi, waya na koleo, aliyetumia umri wake kutengeneza vifaa vya kunasa kemikali kidogo sana ili kujua hewa na maji vinakokwenda. Kwa maoni yangu huyo ndiye aliyeibadilisha dunia zaidi.

Alizaliwa Letchworth, kaskazini mwa London, katika familia isiyo na mali. Wazazi wake walikuwa na duka la picha za sanaa huko Brixton. Alisimulia mara nyingi kwamba alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, baba yake alimpa zawadi ya Krismasi: sanduku la vikorokoro vya umeme, waya, balbu na kengele. Mtoto akacheza, kisha akauliza kwa nini umeme unahitaji waya mbili ilhali maji na gesi huja kwa bomba moja. Hakupata jibu la kumridhisha, akaanza kulitafuta mwenyewe.

Alipomaliza shule hapakuwa na fedha za chuo kikuu. Akaajiriwa msaidizi wa maabara katika kampuni ndogo ya ushauri wa kemikali za picha, na jioni akasoma Chuo cha Birkbeck. Baadaye alisema shule yake ya kweli ilikuwa ile kazi ya mchana, kwa sababu huko kipimo kilichokosewa kilikuwa hasara ya mteja, wala hapakuwa na nafasi ya kuandika jibu la karibu-karibu. Alihitimu kemia Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1941, akaenda moja kwa moja Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, London, akakaa huko miaka 20.

Kazi za taasisi hiyo zilikuwa za kila namna, naye alizipenda kwa sababu hiyo. Akichunguza jinsi mafua yanavyoambukiza, alihitaji kupima upepo mdogo kabisa unaopita chumbani. Vipimo vya dukani havikuuona upepo huo. Akajitengenezea kimoja kilichotumia chembe za hewa zenye chaji ya umeme, nacho kikafanya kazi vizuri, ila kilikuwa na tabia moja ya kuudhi: moshi wa sigara ukipita karibu, kilivurugika. Mwingine angeliona hilo kuwa kasoro ya kurekebishwa na kusahauliwa. Lovelock aliliweka akilini.

Miaka michache baadaye alikuwa akigandisha hamsta, vinyama vidogo jamii ya panya, na kuwarudishia uhai kwa kuwapasha joto. Alitaka kujua kwa nini baridi huua seli. Alishuku mafuta yaliyo kwenye utando wa seli, na ili kuyajua mafuta hayo alihitaji kuyachambua. Kwa bahati, katika jengo lilelile walikuwamo Archer Martin na Tony James, waliokuwa wametoka kubuni kromatografia ya gesi: njia ya kupitisha mchanganyiko ndani ya mrija mrefu mwembamba, kila kemikali ikitoka mwishoni kwa wakati wake. Martin alikuwa amekwisha pata Tuzo ya Nobel mwaka 1952 kwa kazi iliyotangulia hiyo. Lovelock akawapelekea sampuli yake. Wakamwambia ni kidogo mno, mtambo wao hauwezi kuiona. Alete nyingi zaidi, au atengeneze kigunduzi kikali zaidi cha kukaa mwishoni mwa mrija.

Kupata sampuli nyingi zaidi kulimaanisha hamsta wengi zaidi. Akachagua kutengeneza kigunduzi.

Alianza na kilichotumia gesi ya argoni, kikafanikiwa, viwanda vikakinunua. Katika kukiboresha, mwaka 1957, alipata kingine kilichokuwa na tabia za ajabu. Kemikali nyingi za kawaida kilizipita bila kuzijali. Chache kilizipokea kwa ukali usioelezeka, hata harufu hafifu ya kemikali ya kusafishia iliyofunguliwa upande wa pili wa maabara ilikitikisa. Ni ile hitilafu ya moshi wa sigara, imerudi kwa sura nyingine. Safari hii aliifuatilia hadi akaielewa, na kifaa hicho ndicho kinachojulikana duniani kote kama kigunduzi cha kunasa elektroni, ECD kwa kifupi.

Namna kinavyofanya kazi si ngumu kuieleza, na uzuri wake uko hapo. Ni chumba kidogo cha chuma kinachotosha kiganjani. Ndani yake kuna kipande chembamba cha metali inayotoa mionzi. Siku hizi hutumika sana nikeli-63. Mionzi hiyo inapoigonga gesi safi inayopita, hufungua elektroni nyingi zinazokwenda polepole, na elektroni hizo zikikusanywa hutoa mkondo wa umeme usiobadilika. Sasa fikiria kundi la dagaa wanaopita kwa utulivu kwenye mlango wa ghuba, na mtu anawahesabu. Akitokea sangara mmoja, hesabu inashuka, na mhesabuji anajua kuna sangara hata kama hakumwona. Molekuli zenye klorini, florini au bromini ndizo sangara: zina uchu wa elektroni, huzimeza, mkondo unashuka. Hewa ya kawaida ikiwa imeondolewa oksijeni, maji na mafuta, haimezi kitu. Ndiyo maana ECD inaweza kuiona kemikali moja ya viwandani ndani ya trilioni za molekuli nyingine, wakati vigunduzi vya jumla vilikuwa vikizama katika kelele.

Hapo ndipo bahati ya kifaa hiki ilipolala. Karibu kila kitu kinachomeza elektroni kwa pupa namna hiyo ni kitu kilichotengenezwa na binadamu, na mara nyingi ni sumu au ni kitu kisichooza. Dawa za wadudu za wakati ule, DDT na dieldrini, zimejaa klorini. Ndani ya miaka michache maabara za nchi nyingi zilikuwa na ECD, na popote walipopima walikuta mabaki: kwenye mafuta ya pengwini wa Antaktika, kwenye maziwa ya akina mama. Mwandishi Rachel Carson alichapisha kitabu chake kuhusu hatari ya dawa hizo mwaka 1962. Namba zilizofuata, zilizowanyamazisha waliosema mama huyo anatia chumvi, kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye kigunduzi cha Lovelock.

Mwaka 1961 alialikwa na wanasayansi wa anga wa Marekani, NASA, kusaidia kubuni vifaa vidogo vya kuchambua udongo wa Mwezi na hewa ya sayari nyingine. Aliacha kazi ya kudumu yenye pensheni, akahamia Houston na familia yake. Mwaka 1964 akarudi Uingereza na kufanya jambo ambalo wenzake walilihesabu kuwa wazimu: hakujiunga na taasisi yoyote. Alijenga maabara ndani ya nyumba yake katika kijiji cha Bowerchalke, Wiltshire, akawa anaishi kwa kazi za ushauri kwa Shell, Hewlett-Packard, NASA na, kama alivyokuja kusema uzeeni, idara za usalama za Uingereza. Alitaka uhuru wa kufuata swali lake bila kuomba ruhusa.

Swali lililomjia lilikuwa dogo na la kienyeji. Kijijini kwake, na kwenye nyumba ya mapumziko ya familia huko Adrigole, magharibi ya mbali ya Ireland, siku nyingi za kiangazi zilikuwa na ukungu mkavu unaofifisha milima. Hakukumbuka kuuona alipokuwa kijana. Je, ni wa asili, au ni moshi wa miji? Alihitaji alama ya kuonyesha kwamba hewa fulani imepita mijini, na akakumbuka gesi za friji na makopo ya kupuliza. CFC hazina chanzo cha asili, na ECD yake huziona kwa urahisi mno. Akapima. Siku za ukungu, hewa iliyotoka upande wa bara la Ulaya ilikuwa na CFC-11 nyingi. Ukungu ulikuwa wa watu.

Yeyote angeridhika. Lakini siku za hewa safi, upepo ukitoka Atlantiki bila kupita nchi kavu kwa maelfu ya kilomita, mshale wa kipimo haukurudi sifuri. CFC-11 ilikuwapo, makumi ya sehemu kati ya trilioni. Je, ilivuka bahari kutoka Marekani siku za karibuni? Au gesi hii haipotei kamwe, na inaijaza polepole hewa ya dunia yote?

Namna ya kujua ilikuwa moja: kusafiri kwa meli kutoka kaskazini hadi kusini, mbali na viwanda, na kupima njia nzima. Aliomba fedha kwa baraza la serikali la utafiti wa mazingira. Kwa maelezo yake mwenyewe, wapitiaji walikataa. Mmoja aliona haiwezekani kabisa mtu kupima kiasi kidogo namna hiyo, na kwamba hata kikipimika hakina maana. Hatimaye alipewa nafasi kwenye meli ya utafiti RRS Shackleton, iliyokuwa ikienda Antaktika kwa shughuli nyingine. Mtambo alioupakia alikuwa ameutengeneza mwenyewe, kwa gharama ambayo maabara kubwa isingeiita gharama.

Shackleton iling'oa nanga Wales mwishoni mwa mwaka 1971. Lovelock alikwenda nayo hadi Montevideo, akichota hewa na maji ya bahari siku baada ya siku na kuyapitisha kwenye mtambo wake palepale melini. Wenzake, Robert Maggs na Roger Wade, wakashiriki katika kazi ya safari hiyo. CFC-11 ilikuwapo kila mahali. Ilikuwapo kaskazini, ilikuwapo ikweta, ilikuwapo kusini, mbali na viwanda vingi, ingawa kusini ilipungua kidogo, kama inavyotarajiwa kwa gesi inayotoka zaidi kaskazini na kuchanganyika polepole. Na ukikadiria jumla ya iliyomo hewani duniani, ilikaribia jumla yote iliyowahi kutengenezwa. Hakuna kilichokuwa kikiila.

Katika safari hiyohiyo aliona pia gesi mbili za asili zinazotoka baharini, dimethili salfaidi na methili ayodaidi. Ya kwanza ilitegua kitendawili cha muda mrefu cha jinsi salfa inavyorudi kutoka baharini kwenda nchi kavu. Mtu mwingine angejengea maisha yake yote juu ya jambo hilo moja. Kwake lilikuwa zao la pembeni la safari moja.

Matokeo ya CFC yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1973. Humo Lovelock aliandika sentensi ambayo alikuja kuijutia: kwamba gesi hizo hazina hatari yoyote inayoweza kufikirika. Alimaanisha kwamba kiasi kile hakiwezi kumdhuru mtu anayekivuta, na kwa maana hiyo alikuwa sahihi. Yeye aliziona kama alama nzuri tu, rangi isiyoonekana iliyotiwa hewani bila kukusudia, ya kuwasaidia wataalamu wa hali ya hewa kujua pepo zinavyokwenda.

Lakini namba zake zilikuwa zimekwisha toka mikononi mwake. Mwaka 1972, kwenye mkutano huko Florida, mkemia Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California aliambiwa kuhusu vipimo vya Lovelock. Akajiuliza: kama haziliwi na kitu hapa chini, mwisho wake ni nini? Yeye na kijana kutoka Mexico, Mario Molina, walipiga hesabu na kupata jibu lililowatisha. Gesi hizo hupanda hadi juu sana, huko mwanga mkali wa jua huzivunja, klorini inatoka, na klorini hiyo huila ozoni inayotukinga na mionzi ya jua. Walichapisha mwaka 1974. Lovelock, na hili ni lazima lisemwe, alisimama kwa muda upande wa waliotaka subira. Aliona baadhi ya wenzake wanakwenda kasi kuliko ushahidi. Mwaka 1985 mtafiti Joe Farman na wenzake wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imetoboka, na ubishi ukaisha.

Kilichofuata kilitugusa moja kwa moja. Mkataba wa Montreal ulisainiwa tarehe 16 Septemba 1987 chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni Nairobi, likiongozwa wakati huo na Mmisri Mostafa Tolba. Sekretarieti ya ozoni ingali huko Gigiri hadi leo. Mafundi friji wa Tanzania na Kenya waliofundishwa kubadili gesi katika miaka iliyofuata walikuwa mwishoni mwa mnyororo ulioanzia kwenye chumba kile cha chuma kinachotosha kiganjani. Rowland, Molina na Paul Crutzen walipata Nobel ya kemia mwaka 1995. Walistahili. Kwangu mimi lakini, tuzo ile ilikuwa na kiti cha nne kilichobaki kitupu. Kamati za tuzo humtafuta aliyelijibu swali. Aliyewezesha swali liulizwe hubaki kwenye tanbihi.

Wakati mabishano ya ozoni yakiendelea, Lovelock alikuwa na wazo jingine. Kama gesi iliyovuja kwa bahati mbaya inaweza kutuonyesha njia za upepo, gesi iliyoachwa kwa makusudi ingeonyesha vizuri zaidi. Gesi hiyo inatakiwa isiwepo hewani kwa asili, isioze, isidhuru kiumbe, isikwame kwenye mvua au udongo, na ionekane hata ikiwa chache mno. Alipendekeza jamii ya perfluorokaboni, kemikali zilizojaa florini, zilizopoa kabisa, lakini zenye uchu mkubwa wa elektroni. Aliwahi kueleza kwamba chupa moja ya aina adimu ya kemikali hizo ikimwagwa kwenye blanketi huko Japan na kuachwa ikauke, baada ya wiki chache angeweza kuikamata kwenye hewa ya Devon, Uingereza, na ndani ya miaka miwili ingepimika popote duniani.

Wengine walilichukua wazo hilo wakalifanya kuwa fani. Katika maabara ya Brookhaven, karibu na New York, Russell Dietz alitumia miaka mingi kutengeneza mitambo ya kukusanya na kupima perfluorokaboni, pamoja na virija vidogo vinavyowekwa ndani ya nyumba kupima hewa inavyoingia na kutoka. Njia hiyohiyo ilitumika kutafuta mahali ambapo nyaya kubwa za umeme zilizofukiwa chini ya mitaa zinavuja mafuta: unatia kemikali kidogo kwenye mafuta, unapita barabarani na gari lenye kipimo, na mahali kinapopaza sauti ndipo pa kuchimba. Barabara haifukuliwi bure.

Ulaya ilijua thamani ya jambo hili kwa uchungu. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwezi Aprili 1986, nchi jirani hazikuweza kusema kwa uhakika wingu litafika wapi na lini. Mwezi Oktoba 1994, katika kijiji cha Monterfil, magharibi mwa Ufaransa, wanasayansi waliachia kilo 340 za perfluorokaboni kwa muda wa saa 12, huku vituo 168 katika nchi 17 vikichota hewa. Wingu lisiloonekana, lisilodhuru, likavuka bara, na kila kundi la wataalamu wa hali ya hewa likaona ni wapi hesabu zake zilikosea. Ni vigumu kutoa mtihani wa haki zaidi ya huo.

Kwenye bahari kulikuwa na swali la zamani zaidi. Maji ya kina na maji ya juu huchanganyika kwa kasi gani? Jibu lake huamua joto na hewa ukaa kiasi gani bahari inaweza kutumezea. Mwaka 1966 mtaalamu wa bahari Walter Munk alikuwa ametoa makadirio kwa kupiga hesabu, lakini hakuna aliyekuwa ameyaona maji hayo yakichanganyika. Andrew Watson, aliyekuwa mwanafunzi wa Lovelock, na Mmarekani Jim Ledwell waliamua kuyawekea alama. Walitumia SF6, gesi ya vifaa vya umeme ambayo ECD huiona kwa wepesi mno. Mwezi Mei 1992, magharibi ya mbali ya visiwa vya Canary, waliingiza kilo 139 zake kwenye kina cha mita 300 hivi, katika tabaka jembamba la maji, kisha wakarudi miezi na miezi baadaye kuitafuta.

Najaribu kila mara kuwaza ujasiri wa kazi hiyo: kilo 139 ndani ya Atlantiki, na kuamini kwamba utazipata. Walizipata. Kwa upana, alama ile ilikuwa imevutwa na mikondo kuwa michirizi ya mamia ya kilomita. Kwenda juu na chini ilikuwa imetanuka makumi ya mita tu. Mchanganyiko wa wima katika tabaka lile ulikuwa kama sehemu moja ya 10 ya makadirio ya Munk. Kwa hiyo mchanganyiko mkubwa unafanyika mahali pengine, kwenye kingo za bahari na juu ya milima iliyozama, na wanasayansi wakajua wapi pa kuutafuta. Siku hizi SF6 imeachwa katika kazi hizo za baharini na nafasi yake imechukuliwa na gesi nyingine ya jamii yake, kwa kuwa kilo moja yake huipasha dunia joto zaidi ya mara 23,000 ya kilo moja ya hewa ukaa, na kwa kuwa SF6 inayovuja viwandani yenyewe imekuwa alama ya kusoma umri wa maji.

Na CFC, zile za makopo na friji, ndizo zilizotumika kusoma maji yetu. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni. Samaki wote tunaowajua, usipa wakiwamo, wanaishi kwenye tabaka la juu. Lakini rutuba inayowalisha imelala chini, na hupanda kidogo kidogo maji yanapochanganyika. Watafiti, akiwamo Ray Weiss wa taasisi ya Scripps ya California, walichota maji ya vina mbalimbali na kupima CFC zilizomo. Maji yaliyogusa hewa miaka ya karibuni yana nyingi. Yaliyojificha muda mrefu yana chache. Hivyo kemikali iliyotoka kwenye friji za nchi nyingine imekuwa saa ya kupima pumzi ya ziwa linalowalisha watu wa Kyela, Ludewa na Nyasa.

Ninalotaka kulisema hapa linahusu mikono. Maabara nyingi za ukanda wetu zina mitambo mizuri iliyokuja ndani ya kreti, ikafungwa na fundi kutoka nje, na siku moja kifaa kidogo kilipoungua ikafunikwa turubai kusubiri mfadhili. Wanafunzi wetu wa kemia wanafundishwa kusoma namba inayotolewa na mashine. Wachache wanafundishwa kuifungua mashine na kuuliza kwa nini inatoa namba hiyo. Lovelock alikuwa mkemia aliyejua kulehemu, kuchonga chuma na kuunda saketi, na uvumbuzi wake mkubwa ulitoka kwenye hitilafu ambayo mtu asiyejua ndani ya mashine angeita uharibifu. Chuo kinachomtenganisha mkemia na fundi kinajinyima watu wa namna hiyo. Vijana wenye uwezo huo wapo. Wengi wako mtaani wanatengeneza simu na redio, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo nayo ni sayansi.

Kazi aliyoianza peke yake Adrigole iligeuka kuwa mtandao wa kudumu. Mwaka 1978, kwa fedha zilizotoka kwa watengenezaji wa CFC wenyewe waliotaka kujua ukweli, vituo vya kupima usiku na mchana vilianza kazi: Adrigole, pwani ya Oregon, Barbados, Samoa na Tasmania. Peter Simmonds, aliyefanya kazi na Lovelock tangu siku za NASA, alikuwa miongoni mwa nguzo zake, na Ronald Prinn wa chuo cha MIT, Marekani, akawa kiongozi wake. Mtandao huo unaitwa AGAGE sasa na haujawahi kusimama. Mwaka 2018 wanasayansi wa shirika la NOAA la Marekani, ambao nao hutumia ECD katika vipimo vyao, walitangaza kwamba CFC-11 imeacha kupungua kwa kasi iliyotarajiwa. Mahali fulani mtu alikuwa akiitengeneza kwa siri. Mwaka uliofuata, vipimo vya vituo vya Korea Kusini na Japan vilionyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka mashariki mwa China, hasa majimbo ya Shandong na Hebei. Uzalishaji huo ukapungua tena haraka. Serikali zilikuwa zimesaini mkataba miaka 30 kabla. Vipimo ndivyo vilivyoonyesha nani anautii.

Mwezi Oktoba 2016 nchi hizohizo zilikutana Kigali na kuongeza kwenye mkataba gesi za HFC, zilizochukua nafasi ya CFC kwenye friji na viyoyozi. Wakati huo, kaskazini mwa Rwanda, juu ya mlima Mugogo, mita 2,590 kutoka usawa wa bahari, kulikuwa na kituo cha kupima hewa kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa serikali ya Rwanda na MIT. Mmoja wa waliokijenga, Jimmy Gasore, alisoma shahada ya uzamivu chini ya Prinn, na alitumia vipimo vya Mugogo kukadiria hewa ukaa na methani inayotoka Afrika ya Kati na Mashariki. Mwaka 2023 aliteuliwa kuwa Waziri wa Miundombinu wa Rwanda. Hewa inayopita mlimani hapo imetoka Kongo, Uganda, Tanzania na Bahari ya Hindi, kutegemea msimu, na kabla ya kituo hicho vipimo vya kudumu vya namna hiyo vilikuwa haba katika eneo lote hilo.